Wali wa Watu Mia na Ishirini

Kwanza nikwambieni, mtu huyu hakuwa akijua kupika. Najua wako watakaonikasirikia, hasa kule Watamu ambako sifa zake zilifika kabla ya mchuzi wake, lakini ukweli ni huo na mwenyewe hakuuficha. Alichojua ni kulisha. Miaka yote aliyokuwa jeshini alilisha watu mia na ishirini, asubuhi, mchana na jioni, na alipostaafu akarudi zake Matsangoni, mkono wake ukakataa katakata kujifunza hesabu nyingine.

Tulimwita Mpishi. Alizaliwa wapi, wazee wake nani, aliingiaje jeshini, hayo sikuyauliza na leo siyatafuti. Mimi nilimjua kwa sufuria. Na sufuria yenyewe, jamani, mbuzi mzima angelala humo bila kukunjwa miguu.

Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi chama chetu cha askari wastaafu na wajane kilikutana uani kwake, kwenye banda la makuti lililo hatua chache kutoka barabara kuu ya Malindi. Tulikuwa ishirini na kitu, tukizidi sana thelathini. Mimi nilirithi kiti cha mama yangu, mjane wa askari, na kwa kuwa ni mwalimu wa shule nikapachikwa ukatibu siku ya kwanza, chai bado iko mkononi.

"Mwalimu ana hati nzuri," alisema Mzee Katana, mwenyekiti wetu. "Mwandikeni mbio kabla hajapata udhuru."

Mzee Katana alikuwa ameacha mguu mmoja jeshini. Akiulizwa habari zake, husema aliuacha kusudi, uendelee kulinda. Kazi za chama zilikuwa kama kumfuatilia huyo mguu wake wa bandia kwa shirika moja la hisani la Mombasa, kumsindikiza mjane ofisini asizungushwe peke yake, kumwezekea mwenzetu nyumba kabla ya masika. Kazi ya Mpishi ilikuwa moja tu, kuhakikisha hakuna aliyefanya kazi hizo na njaa.

Mchele aliupima kwa kikombe cha bati, kikombe kimoja kichwa kimoja, akihesabu kwa sauti. Ole wako umwamkie katikati! Mimi sikuwa najua. Siku yangu ya pili nikaingia na adabu zangu zote.

"Shikamoo, Mzee."

Akasimama, kikombe kiko hewani, akaniangalia kwa huruma.

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa themanini na ngapi?"

Ningejuaje? Akaurudisha mchele wote guniani, akaanza na moja. Siku hiyo tulikula saa kumi, na wajane walinitazama vibaya mpaka saa kumi na mbili.

"Mzee," nikamwambia nilipoona hasira zao zimepoa, "si tuko ishirini na sita tu?"

"Leo."

"Na mwezi ujao?"

"Sijui. Wewe unajua?"

Sikujua. Na kweli, sijapata kuona wali ule ukimwagwa. Watu wa bodaboda walikula, mafundi wa gereji walikula, wauza machungwa wa kando ya barabara walikula na kubeba. Nilikuja kugundua kwamba siku ile ya mwezi magari ya Malindi yalikuwa na tabia ya kuharibika palepale mbele ya banda letu, na madereva wake walikuja na vijiko mfukoni.

Mkewe ndiye aliyekuwa na shida. Alipokwenda Mtwapa kumwangalia binti yao aliyejifungua, alimwachia mzee mayai, mkate na maagizo. Siku ya pili jirani wakaitwa waje kula. Alikuwa amekaanga trei zima.

"Yai moja nalipikaje?" alituuliza, ameudhika kabisa. "Nimelijaribu. Halitulii kwenye kikaango."

Kuonja hakuonja. Alisema mpishi anayeonja anaiba, kwani kila kijiko kina mwenyewe, na wizi mdogo wa jikoni ndio humnyima mtu wa mwisho kwenye foleni. Chumvi aliipima kwa ngumi. Tatizo ni kwamba ngumi zilikuwa zilezile tatu tangu ujana wake, na mkono ulikuwa umezeeka pamoja naye, umekonda, hauchukui tena ulichokuwa ukichukua. Wali wake haukuwa na chumvi hata kidogo. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Kila mwanachama alikuja na kikaratasi chake cha chumvi, kimesokotwa vizuri, na Mpishi akigeuka tu, utaona mikono inakwenda mifukoni na kwenye mikunjo ya leso. Changu kilikaa kwenye mkoba, pamoja na kalamu na daftari la mikutano. Mgeni akikaribishwa chamani, mtu wa kwanza kukaa naye alimpa kikaratasi bila kusema neno.

Alikuwa mkali wa foleni. Wajane mbele, halafu askari wa kawaida, halafu wageni, na wakubwa nyuma kabisa. Palikuwa na afisa mstaafu aliyekuja na gari lake zuri kutoka Malindi mjini, amezoea kupishwa. Alisimama nyuma ya muuza machungwa na sahani yake mkononi, mpole, na mwezi uliofuata akarudi. Lakini Mpishi huyohuyo aliyekukagua kucha kabla hajakupakulia alijifutia pua kwa taulo lililokuwa begani mwake. Na mtu akiruka foleni alimpigia kelele mpaka barabarani wakasikia, huku mkono wake unampakulia.

Kuhusu vita hakuwa na la kusema. Wageni wakimuuliza, alijibu kwamba ameona vita vingi, vyote vya viazi. Ila wajane walipenda kukaa karibu na jiko lake wakimhadithia mambo yao, na yeye hakutoa shauri, alikoroga tu. Mara kwa mara alijifuta macho kwa lile taulo na kusema, "Vitunguu hivi!" Vitunguu vyenyewe mara nyingine vilikuwa bado viko guniani.

Jambo jingine. Chakula chake hakukila. Sisi tulikaa tukala, yeye alisimama na kikombe cha chai ya rangi na slesi ya mkate. Ukimkaribisha alisema, "Mimi bado." Mzee Katana hakuchoka kumtania.

"Mwenyewe anajua alichotia humo! Mwoneni, anakunywa chai."

"Mimi bado," Mpishi alijibu, na sisi tukacheka. Nilidhani ni mazoea tu ya ulimi.

Sasa sahani.

Kabla hajapakuliwa mtu yeyote, hata mjane mkongwe kuliko wote, Mpishi alichukua sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Aliijaza kutoka juu ya sufuria, pale penye wali mweupe usioguswa, akatia mchuzi na kipande kizuri, akaifunika kwa sahani nyingine, akaifunga kitambaa. Hiyo ilikuwa sahani ya lindo. Kambini, alinieleza, watu wanapokula daima kuna mmoja aliyesimama nje analinda.

"Wewe unakula umekaa. Yeye amesimama. Basi chake kitoke kwanza."

Chamani kwetu aliyekuwa lindoni ni Athumani, mume wa Rukia. Mpishi alimlisha tangu akiwa kurutu. Athumani alikwenda na wenzake ng'ambo ya mpaka, gari lao likapatikana, yeye hakupatikana. Si mzima, si maiti, si barua. Kila mwezi Rukia aliibeba sahani ile mpaka nyumbani kwa mamamkwe wake, walikoishi pamoja, na siku ya pili aliirudisha. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo ilirudi na kaimati, au visheti, au ndizi mbili za kuiva. Mimi niliona jambo zuri sana. Niliwahi hata kuliandika kwenye daftari la mikutano kwa wino mwekundu, nikijisifu kuwa katibu wa chama chenye roho.

Kisha ikaja siku lile shirika la hisani lilipoleta vyerehani vya wajane. Rukia alikuwa mshonaji kutushinda sote. Kofia zake za mkono zilinunuliwa mpaka Kilifi mjini. Akapanga foleni na wenzake. Bibi wa shirika alikuwa mtu mwema, ana orodha yake.

"Wewe ni mjane, dada?"

"Sijui, bibi."

"Mumeo yuko wapi?"

Rukia akamwonyesha sahani iliyofunikwa pale mezani. "Chakula chake kile."

Yule bibi akaniangalia mimi, mimi nikaangalia daftari. Cherehani alipewa aliyefuata.

Baadaye tulikuwa tukiosha vyombo, nikamwambia Rukia tutaandika barua, tutampatia chake. Akaweka bakuli chini.

"Mwalimu, mimi cherehani siitaki. Nataka kukaa eda yangu."

Nikaacha kuosha.

"Huu mwaka wa saba," alisema. "Kadhi yuko tayari. Amesema twende wote wawili, mimi na mama, atusikize, alimalize. Sitaki kuolewa, Mwalimu, watu wasije wakasema. Nataka kumlilia mume wangu nikiwa nimekaa, kama wanavyoliliwa waume wa watu. Nikimwambia mama, ananionyesha sahani. 'Wewe una akili kushinda jeshi? Nani anayempikia maiti? Wenzake wanajua alipo, hawasemi tu.' Na sahani hiyo naileta mimi kila mwezi, kwa mikono yangu hii, bado ya moto."

Mimi nina hasira za karibu, waulizeni wanafunzi wangu. Nikaondoka pale na mikono yenye sabuni mpaka kwa Mpishi, aliyekuwa akiisugua sufuria kwa jivu na mchanga.

"Mzee, ile sahani ya Athumani, huoni sasa imetosha?"

Hakuinua kichwa. "Nani amempokea?"

"Kumpokea vipi?"

"Zamu. Mtu wa lindo hashuki mwenyewe tu akaenda zake. Anakuja mwenzake, anasimama mbele yake, anasema nimekupokea. Hapo ndipo anashuka. Mimi mpishi, Mwalimu. Mpishi hana amri ya kumshusha mtu lindoni."

"Na Rukia je?"

"Rukia namlisha."

"Humlishi, Mzee! Unamfunga! Mamake Athumani anaiona sahani yako anasema mwanawe yuko hai, na mtoto wa watu amekaa pale si mke, si mjane!"

Nilisema kwa sauti, mpaka Mzee Katana akaacha wimbo aliokuwa akiuimba. Mpishi akasugua, akasugua. Kisha akajifuta macho kwa taulo.

"Vitunguu hivi," akasema. Mbele yake palikuwa na jivu tupu.

Mwezi uliofuata sahani ikafungwa kama kawaida. Nilikasirika, wallahi nilikasirika. Nilimsimulia Rukia neno kwa neno yale ya zamu na kupokewa, ili naye amkasirikie. Hakukasirika. Aliniuliza nirudie mara mbili, akachukua sahani yake akaenda.

Siku hizi Mpishi yuko Mtwapa kwa binti yake. Magoti yamekataa kusimama. Kwa hiyo Jumamosi ninayoitaka kuisimulia ilikuwa karibu ya mwisho aliyotupikia, ingawa hatukujua. Nilifika mapema, nikamkuta kwenye mia na tatu, nikakaa kimya na adabu zangu. Mlango wa uani ukafunguka akaingia Rukia, amemshika mkono mamamkwe wake, kikongwe aliyekuwa hajakanyaga chamani hata siku moja. Mkono wa pili Rukia alikuwa na sahani ya ukingo wa buluu, ambayo safari iliyopita hakuirudisha. Imeoshwa, inang'aa, haina kitu.

Hakumwamkia Mpishi. Alingoja.

"Mia na kumi na tisa. Mia na ishirini."

Ndipo akaenda akasimama mbele yake, karibu, uso kwa uso.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kumpokea Athumani."

Mpishi akaweka kikombe chini.

"Amesimama miaka saba," Rukia alisema, na sauti yake ilianza kumtoka vibaya lakini hakuiacha. "Hakuna mwingine wa kuja, Mzee. Mimi ndiye mkewe. Nimempokea. Ashuke."

Kikongwe akamvuta leso. "Unasema nini wewe? Hawa ndio wanaojua alipo mwanangu. Mpishi, mwambie!"

Nilimwona Mpishi akitafuta taulo lake begani, halafu asilichukue.

"Hatujui, mama."

"Hamjui?"

"Wallahi hatujui. Mimi nilikuwa namwekea kwa sababu hajaja mtu kumpokea. Ndiyo kazi yangu. Sikuwa na habari nyingine, wala sikuficha kitu. Nisamehe, mama, kama nilikudanganya kwa wali."

Bibi kizee akatafuta mahali pa kukaa, Mzee Katana akamsogezea benchi kwa mguu wake wa bandia. Akakaa. Hakulia kwa kelele. Alisema, "Kumbe hamjui," mara nyingi, taratibu, na Rukia akapiga magoti mbele yake akamshika miguu, naye akaweka mkono juu ya kichwa cha mkwewe.

Mpishi akajinyoosha. Visigino vyake, ndani ya makubazi, vikagongana.

"Ameshuka," alisema.

Akachota mchele kikombe kimoja kutoka lile beseni alilokwisha kulihesabu, akausawazisha kwa kidole, akaupeleka kwa mamake Athumani. Kikongwe akafungua ncha ya leso, akamiminiwa humo, akafunga fundo, akafunga tena la pili. Mpishi akarudi jikoni.

"Mia na kumi na tisa," akasema. "Washeni moto."

Jumatatu walikwenda kwa Kadhi, mtu na mkwewe, nami nilikuwa wa tatu. Rukia alikaa eda yake, miezi yake minne na siku zake kumi, na aliyemlisha siku zote hizo ni kikongwe yule, kwa mkono wake. Lakini hayo ni ya baadaye.

Siku ile tulipakuliwa wajane kwanza, kisha askari, kisha wageni, kisha afisa wa Malindi. Hapakuwa na sahani iliyofungwa pale mezani, na sote tulikuwa tukipaangalia. Wa mwisho alipokwisha kupakuliwa, Mpishi aliichukua ile ya ukingo wa buluu. Akajipakulia. Akaja akakaa kwenye benchi, kati ya Rukia na mamamkwe wake, akaliweka taulo magotini.

Hakuna aliyetafuna.

"Mpishi wa jeshi ndiye mtu wa mwisho," Mzee Katana aliniambia sikioni, na hapakuwa na utani sautini mwake. "Hali mpaka wa lindo arudi. Mimi nilijua sheria hiyo, Mwalimu. Na nilikuwa namcheka."

Mpishi akasema bismillahi, akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Akasita. Akatia la pili, akalitafuna polepole, macho yake yakaja moja kwa moja kwangu mimi, katibu.

"Mwalimu, wali huu hauna chumvi."

Nikauvuta mkoba wangu karibu.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, Mzee."

Nikafungua mkoba, nikatoa kikaratasi changu nikakiweka mbele yake. Mzee Katana akatoa chake mfukoni. Wajane wakafungua mafundo ya leso zao mmoja mmoja, na afisa wa Malindi akaja nacho mkononi, mpaka meza ikajaa vikaratasi vya miaka yote ile. Mpishi alivitazama kimoja kimoja. Kisha akakisokotoa changu, akanyunyiza, akala akamaliza, akanipa sahani nimwongeze.